Mkungu wa Bwana Afya

Juzi nilipanga foleni katika ofisi ya bwana afya hapa Kibondo, nyuma ya mama kutoka Busunzu aliyebeba ndoo ya mbolea. Kikundi chake hukusanya kinyesi cha vyoo vya mjini, hukikausha, hukichanganya na maganda ya maharage na kukigeuza kwa miezi hadi kiwe kama udongo. Alitaka kibali cha kuiuza mbolea hiyo kabla ya mvua. Ndoo ilikuwa wazi na haikunuka chochote.

Bwana afya aliziba pua kwa faili.

“Mavi ya watu, mama? Yaende kwenye chakula cha watu?”

Mezani kwake palikuwa na ndizi mbivu, nene kama mkono wa mtoto. Alikuwa amezisifia tangu asubuhi na kutugawia sote tuliokuwa kwenye foleni.

“Mgomba wa ndizi hizi umeupanda wapi, bwana afya?” mama akauliza kwa upole.

“Nyumbani kwangu,” akajibu kwa fahari. “Pale tulipofukia choo cha zamani. Migomba inapapenda mno.”

“Hii yangu huchemka yenyewe, nasi tumeipima joto mpaka vijidudu vimekufa. Ya shimo lako aliipima nani?”

Faili likashuka.

“Ile ni tofauti, mama. Ile ni ya familia.”

Kibali hakutoa. Mama akajitwika ndoo yake, akaondoka.

Kumbe vijidudu navyo huheshimu ukoo! Nami, ganda la ndizi mkononi, nikabaki najiuliza undugu wangu na bwana afya umeanza lini.