Karakana Chini ya Dirisha Letu

Mashine ya kupiga msasa ilianza kunguruma kabla chai yetu haijachemka. Karakana ile ilitengeneza kabati za jikoni, na kati ya ukuta wake na dirisha letu palikuwa na kichochoro ambacho paka alikiruka bila kujisumbua. Asubuhi lilikuja vumbi la mbao. Mchana ilikuja harufu ya vanishi na tina ya kuchanganyia rangi, ikaingia kwenye mito, kwenye mkate, kwenye sare za kazi. Tuliishi ghorofa ya kwanza ya jengo la zamani Al Qusais, Dubai, wanawake peke yetu, Wakenya, Waganda na Watanzania wawili, kila mmoja na kitanda chake na pazia lake.

Aliyelala kitanda cha chini yangu alikuwa Mganda, msafisha vyumba hotelini. Tulimwita Nyabo, kama kwao wanavyomwita mwanamke wa kuheshimiwa. Alikuja Dubai na pumu iliyolala, karakana ikaiamsha. Kila asubuhi aliziba kingo za dirisha kwa taulo lililoloweshwa, na jioni taulo lilikuwa gumu kama ubao. Madam wake wa kazini alishamwambia wazi kwamba wageni hawapendi kusikia mtu anakohoa nje ya mlango wao. Mkataba ulikuwa unakwisha baada ya kiangazi, na kikohozi kisipotulia usingeongezwa. Kwao kulikuwa na mama na watoto wawili, wote wakila kupitia kifua hicho.

Mimi nilisomea mipango miji. Nilimaliza chuo, nikakosa kazi nyumbani, nikaja kulinda lango la shule mtaani Mirdif. Chuoni tulipaka ramani rangi: njano makazi, zambarau viwanda, na katikati ukanda wa kijani wa kuvitenganisha. Niliwahi kuwasimulia wenzangu hayo, na tangu hapo Mkenya aliyepanga fleti kwa jina lake akatugawia vitanda aliniita Msomi.

"Msomi, huo ukanda wako wa kijani uko wapi?" aliniuliza kila Nyabo alipokohoa. "Ama paka ameukula?"

Mkenya huyo alikuwa mhudumu wa mkahawa, mwenye sauti ya kufika jikoni bila kupiga hatua. Ni yeye aliyemwendea msimamizi wa karakana, Mpakistani mwenye vumbi hadi kwenye nyusi, kumwomba mabaki ya plaiwudi. Yule bwana alileta mbao na mafundi wawili, na sebule yetu ikawa vyumba vinne. Walifanya kazi safi. Hata kona walizipiga msasa tusichubuke.

Ijumaa moja Nyabo alishindwa kumaliza ngazi. Alikaa katikati, midomo imebadilika rangi, mkono mmoja juu kama anayeomba tusimsemeshe. Tulipomfikisha kitandani Mkenya alisema, "Khalas, imetosha. Tunapigia baladia."

Baladia ni manispaa, na mimi nikaanza kufikiria. Watauliza sisi ni nani. Watauliza mkataba wa nyumba. Na wale mafundi wanaotusalimia kila siku, wakifungiwa karakana? Na upepo, je, wakija siku upepo unavuma upande mwingine?

"Tuseme tu ni nyumba yenye mgonjwa," nilisema. "Tusitaje tuko wangapi."

"Kwa nini?" Mkenya aliuliza.

"Sijui. Naona tu tusitaje."

"Anaona! Huyu ukimuuliza jina lake, anadhani ni mtego."

Walicheka wote. Nyabo naye alicheka, mpaka kicheko kikageuka kikohozi.

Nilipiga mimi, kwa sababu ya Kiingereza changu. Nilieleza vizuri: umbali, vumbi, dawa za rangi, pumu. Kisha dada wa upande wa pili akauliza ni watu wangapi wanaoathirika. Mkenya akaninyang'anya simu.

"Kumi na saba, madam!" alisema, kama anayetangaza matokeo ya uchaguzi. "Na wote tunaumia!"

Alipokata alinigeukia. "Mtu mmoja ni umbea, Msomi. Kumi na saba ni wananchi."

Nilimwelewa. Kwetu ni hivyo hivyo. Kwa mtu mmoja mwenyekiti wa mtaa hainuki kitini. Mnamjazia uwanja, wenye watoto mgongoni wakitangulia mbele, ndipo anatafuta viatu.

Siku ya kuja mkaguzi wa manispaa wengi walibadilishana zamu ili wawepo. Walivaa nguo za kanisani, chai ya maziwa ikapikwa. Alikuja kijana mpole mwenye kanzu nyeupe, akaanzia karakana. Kutoka dirishani tulimwona Mpakistani akimwonyesha leseni ukutani. Mashine ilikuwa imezimwa. Hewa ilikuwa safi, na Nyabo, siku hiyo katika siku zote, alipumua kama mtoto.

Kijana akapanda juu. "Mnaishi wote hapa?"

"Wengine wako kazini, sir," Mkenya alijibu. "Njoo uone tunapolala, vumbi mpaka kwenye shuka."

Alimwongoza mwenyewe, akifungua pazia baada ya pazia. Yule kijana hakugusa vumbi. Alikunja kidole akagonga plaiwudi.

"Nani amejenga huu ukuta?"

Akapiga picha ya kwanza, kisha nyingine nyingi.

Alitueleza taratibu, bila ukali. Kichochoro ndicho mpaka. Ng'ambo yake ni eneo la viwanda, na karakana iko mahali pake. Upande huu ni makazi ya familia, fleti moja familia moja. Tena moto ukizuka humu, alisema, hamtatoka. Alikuwa sahihi, na ndicho kilichoniuma. Chuoni ningeandika hivyo hivyo na kupata alama nzuri.

"Na mgonjwa wetu?" niliuliza.

Alimtazama Nyabo. "Aende kwa daktari. Inshallah atapona."

Chai hakuinywa.

Tangazo la kuhama lilibandikwa mlangoni. Mwenye jengo aliwaita mafundi walewale wa karakana kuja kubomoa, nao wakazing'oa mbao zao bila kututazama machoni. Vumbi lilishuka hadi chini, Nyabo alikokaa juu ya sanduku lake, taulo mdomoni. Mpakistani alituletea maji baridi. Nilitamani awe mtu mbaya, lakini hata hilo hakunipa.

Nyabo alipata kitanda ndani zaidi ya eneo la viwanda, nyuma ya gereji inayopuliza magari rangi, kwani basi la hoteli lilipita hapo. Mkataba wake wa kazi haukuongezwa, akarudi kwao.

Baadaye madam wa nyumba inayotazamana na lango letu Mirdif alilalamikia moshi wa jenereta la shule. Alipiga simu peke yake. Wiki hiyohiyo walikuja vijana kulihamishia upande wa pili wa shule.

Nilikuwa nikiwatazama wakilisukuma ujumbe wa sauti wa Nyabo ulipoingia. Niliweka simu sikioni.

"Msomi, huku nalala vizuri. Sikohoi hata kidogo. Watoto wananiuliza kila siku, mama, unarudi lini kazini?"

"Yalla, sista, lango!" kijana mmoja aliita.

Nililifungua lote, wakapitisha jenereta.