Picha Zilizotundikwa Chini

Kilikuwa chumba kimoja tu, nyuma ya soko la Bukoba, kimepakwa chokaa upya, na mimi nilikitaka kuliko kitu chochote duniani. Picha za Kifaransa zilikuwa zimefika kwa meli, za kuazima. Bibi mkuu wa makumbusho, Mwingereza, aliniachia nizitundike. Alisema siku ya ufunguzi ndipo ataamua kama nipewe kazi ya kuzitunza au nirudi kufundisha watoto hesabu.

Moja niliipenda mno. Wanawake wa Kifaransa walikuwa wakitoka shambani na mizigo ya majani, na nilipoifungua nilicheka peke yangu kwa furaha. Kwetu Nshamba, mgeni akitarajiwa, wanawake hukata majani mabichi na kuyatandaza sakafuni ili aketi juu yake. Basi nikatuma ujumbe nyumbani. Asubuhi ya ufunguzi shangazi yangu na wenzake wakashuka kwenye lori la kahawa, kila mmoja na mzigo wake, wakayatandaza, na chumba kizima kikanukia majani.

Hapo ndipo niliposhtuka. Wageni wangeketi chini, nami picha nilikuwa nimezitundika juu kama za ofisini. Nikachukua nyundo. Niliketi, nikapima kwa macho, nikainuka, nikazishusha moja baada ya nyingine, jasho likinitoka, hadi zikawa usawa wa magoti ya mtu aliyesimama.

Bibi mkuu alipoingia, chumba kilikuwa kimejaa watu walioketi wakibishana kwa Kihaya juu ya picha. Akatazama kuta. Uso ukamwiva. Nikaona hesabu zinaniita.

"Keti, waitu," shangazi alimwambia kwa Kiswahili, akichanganya na neno letu la heshima, huku akimpisha. "Ukisimama hivyo hutaona kitu."

Akasita, akakusanya sketi yake, akaketi kwenye majani. Shangazi akamwonyesha wale wanawake wa Kifaransa. "Wenzetu hawa wamechelewa. Mgeni yuko njiani na nyumba yao bado haijatandazwa majani."

Bibi mkuu akaisogelea picha ile. Mimi nilikuwa mlangoni.

"Na mgeni wao ni nani?" akauliza.

"Si wewe?" shangazi akamjibu. "Sisi wengine tumekuja na majani."

Akacheka mpaka akajifuta macho. Kisha, bila kuinuka, akanyoosha mkono kuelekea mlangoni na kunipa ufunguo wa chumba.