Beki Aliyempisha Shemeji

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka, mpaka leo masikio yananiwaka. Ilikuwa hapa Iringa, miaka ya hamsini, nami ni beki wa timu ya misheni. Mwalimu wetu wa mpira alikuwa Bruda Pietro, Mtaliano, fundi seremala. Kwao Italia alikuwa beki wa kuogopwa hadi goti lilipoharibika, ndipo akageukia kufundisha. Kila jioni akishafunga karakana alikuja uwanjani anachechemea, filimbi mdomoni, kutufundisha sisi wacheza pekupeku.

Siku hiyo walitujia Mbeya. Winga wao alikuwa Ambakisye, kaka yake Tumpe, binti niliyekuwa nimemposa. Baba yao alikwisha kufariki, kwa hiyo jibu la posa lilikuwa kwa Ambakisye, na alikuwa bado hajalitoa. Sasa mtu kama huyo unamkwatua vipi? Kila alipokuja na mpira nilimpisha kwa adabu, kidogo nimwambie karibu. Tukalala mabao mawili kwa bila, yote yake.

Bruda alinikuta nyuma ya goli.

"Wewe mgonjwa?"

"Hapana, Bruda. Yule ni shemeji yangu."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha uso ukabadilika.

"Mimi nilimkaba kaka yangu, tumbo moja. Alilia! Jioni tukala sahani moja. Shemeji msalimie nje ya mstari. Ndani, mnyang'anye mpira. Ukimpisha, umemdharau."

Neno hilo liliniuma kuliko kufungwa. Mwezi mzima alininoa nitazame mpira, nisitazame uso wa mtu.

Marudiano yalikuwa Mbeya. Tulisafiri kwa lori, vumbi hadi kwenye kope. Nilimwamkia Ambakisye kwa mikono miwili, nimeinamisha kichwa. Filimbi ilipolia nikamganda kama kupe. Akija kulia, nipo. Akija kushoto, nipo. Dakika za mwisho alibaki yeye, mimi na kipa. Nikateleza, nikauchomoa mpira safi kabisa, naye akaanguka kifudifudi mbele ya wajomba zake wote. Nikajua posa imekwenda na maji. Lakini mpira ule uliwafikia wenzangu mbele, wakafunga. Tukashinda! Bruda alirukaruka kwa ule mguu wake mmoja mzima, na mimi nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Ambakisye akanifuata, vumbi limemjaa puani.

"Kule Iringa ulinipishapisha, nikamwambia mama huyu kijana mlegevu, hatamlinda Tumpe. Jibu lilikuwa hapana. Sasa mchukue dada yangu, shemeji."

Unaona, mwanangu? Adabu yangu ilikuwa karibu kuninyima mke. Mheshimu mtu kwa salamu, kwa kauli, kwa kumpa kiti. Ila kazi uliyokabidhiwa ifanye sawasawa hata mbele ya mtu unayemhitaji, maana hapo ndipo anapokupima. Mungu akupe miguu imara, na akupe mwalimu wa kukukaripia mapema. Tumpe yuko hapa pembeni yangu, ameshasema amina.