Kaburi la Yago

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, Zadock Onduru alikunja blanketi lake mara nne, akaweka kikombe cha bati juu yake, akaenda kusimama mlangoni, mikono mbele, viganja juu. Alingoja. Kwa kuwa hakuna askari aliyekuja, alijihesabu mwenyewe kwa sauti.

"Mia nne na tisa, yuko."

"Yuko, na amewazibia wapangaji wangu njia ya choo!" Dorca alimjibu kutoka jikoni. "Rudi ndani, wewe mfungwa bila gereza!"

Dorca ndiye aliyekuwa mwenye nyumba hapo Nyalenda. Ofisi ya ustawi wa jamii ya Kisumu ilimwomba amhifadhi mgonjwa mmoja kwa majuma mawili, akakubali kabla ya kuuliza ni mgonjwa wa nini. Tangu alipojua, hakuficha majuto yake. Aliwaambia wanawake wasianike nguo upande ule. Watoto walimrushia Zadock vigunzi vya mahindi, na mama zao hawakuwakemea. Zadock hakujibu neno. Alikokuwa, aliyejibu ndiye aliyechapwa.

Zamani alikuwa mpakiaji bandarini, mtu wa kubeba magunia ya pamba mawili kwa mpigo akiimba. Mwaka 1962 sauti zilimwingia kichwani, na siku moja zikamwambia kwamba msimamizi wake anamwekea sumu kwenye uji. Akampiga kwa koleo. Alifungwa, na mwaka wa pili wa kifungo wakaona kwamba anazungumza na ukuta, wakampeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Nairobi. Akakaa miaka tisa. Hakuna mtu wa kwao aliyekuja kumwona. Mwanzoni alilaumu umbali. Baadaye alianza kuwachukia, na chuki hiyo, pamoja na vidonge, ndiyo iliyomtuliza.

Mwaka 1973 madaktari walisema amepona vya kutosha, ila kwa sharti: ndani ya siku kumi na nne lazima jamaa yake wa karibu atie sahihi kwamba amempokea. Asipopatikana, mgonjwa anarudishwa alikotoka. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa.

Msichana wa ofisi, Elsie Nakhungu, alikuja kila siku na faili lake. Alikuwa ametoka chuo kikuu mwaka uliotangulia, mtu wa Bungoma, na sauti yake ilikuwa ndogo. Zadock hakumpenda. Hakupenda jinsi alivyoongea na karatasi badala ya mtu.

"Mgonjwa amekunywa vidonge?"

"Amekunywa."

"Mgonjwa amelala?"

"Amelala."

Elsie aliandika. Hayakuwa maswali yake. Yalikuwa ya fomu, na fomu ilikuwa ya Nairobi.

Alhamisi asubuhi Land Rover ya ofisi iliwachukua wote wawili hadi ng'ambo ya Bondo, kwenye boma la kina Zadock kando ya ziwa. Ua wa minyaa ulikuwa umekua mrefu kuliko alivyouacha. Langoni alisimama Walter, mdogo wake, mwenye kitambi sasa na kofia ya kanisani.

"Bwana Walter," Elsie alianza, "nilikuandikia barua tatu. Nimekuletea ndugu yako."

Walter alimtazama Zadock kuanzia viatu hadi kichwani.

"Ndugu yangu nilimzika."

"Omera, ndugu yangu, ni mimi," Zadock alisema.

"Usiniite omera! Maiti haina mdogo wake." Walter alinyoosha mkono kando ya lango, upande wa kushoto. Palikuwa na kaburi lenye msalaba wa mbao, na juu ya msalaba jina lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeupe. Lilikuwa jina la Zadock.

Zadock alilisoma polepole, herufi kwa herufi. Hakuwa amesoma jina lake mahali popote kwa muda mrefu. Huko alikokuwa alikuwa mia nne na tisa.

"Binti wa Bungoma, sikiliza nikufundishe," Walter alisema. "Mwaka sitini na nne ulifika mzigo kwa posta. Suruali, mkanda, shati la kijani. Barua haikuwepo. Kwetu, nguo za mtu zikija nyumbani bila mwenyewe, zimekuja kusema jambo moja. Mzee wetu alingoja mwili miaka miwili. Haukuja. Tukazika yago."

Zadock alilijua neno hilo. Yago ni tunda la mti, refu kama mkono wa mtu na zito kama mtoto mchanga. Wajaluo hulizika badala ya mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Walilifunga katika shati lake la kijani, wakalilaza, wakalilia.

Elsie alifungua faili, akageuza kurasa haraka. "Wagonjwa walipohamishwa, nguo zao za nyumbani zilirudishwa kwa jamaa. Ilikuwa desturi ya kazi. Barua ilipaswa kuja pamoja nazo. Ni kosa la karani."

"Basi mkamzike karani."

"Bwana Walter, asipopokewa kufikia kesho, anarudishwa Nairobi."

"Arudi. Aliyezikwa hapiti langoni hadi yago litolewe ardhini, na wa kulitoa ni mwenye boma. Mzee amekufa. Mwenye boma ni mimi. Nami sina jembe."

Jembe lilikuwa limeegemea ukuta nyuma yake. Zadock aliliona, kisha akaona zaidi ya jembe. Shamba lake la ufukweni lilikuwa na mtama uliofika kiunoni. Nyumba yake ilikuwa imeezekwa mabati. Kwenye kamba ya nguo mbele ya nyumba hiyo ilining'inia suruali ya Walter, nayo ilikuwa imefuliwa na mtu aliyeipindua ndani nje, kama Perez, mkewe, alivyozipindua zake zamani. Sasa alielewa. Siku ambayo yago lingetoka, mambo matatu yangemtoka Walter mkononi: shamba, nyumba na mke.

Perez alikuja akiwa amebeba ndoo, akaitua. Alipohesabiwa mjane, Walter alimrithi. Alimkaribia Zadock hadi wakabakiza hatua moja, naye Zadock akadhani atamgusa. Alimtemea mate miguuni.

"Nilinyolewa kichwa kwa ajili yako," alisema. "Nililia mpaka sauti ikakauka. Nilikaa na nguo za mjane, watu wakinikwepa njiani. Kumbe ulikuwa unakula ugali wa serikali!"

"Sikujua, Perez."

"Hukujua. Mimi je, nilijua?"

"Umesikia?" Walter alimgeukia Elsie. "Hata mke hamtaki. Funga faili lako, mama."

Elsie hakulifunga. Alilishika wazi, kidole chake kwenye mstari mtupu wa sahihi.

Perez aliitazama karatasi. "Akirudishwa huko, atakufa huko?"

"Huenda," Elsie alisema.

"Na nguo zitaletwa hapa tena."

"Zitaletwa kwa jamaa."

"Na wazee watasema safari hii amekufa kweli, nami ndiye niliyeolewa naye. Nitanyolewa mara ya pili kwa mwanamume mmoja." Alipangusa kidole gumba kwenye kanga yake. "Lete wino."

"Perez!" Walter alifoka. "Ukiweka kidole hapo, usilale nyumbani kwangu!"

"Nyumba ni ya huyu. Mwulize yago." Alibonyeza kidole kwenye karatasi kwa nguvu hadi ikakunjamana, akageuka kwa Zadock. "Usifikiri nakukaribisha. Kalale Kisumu. Ukikanyaga hapa kabla ya kaburi kufunguliwa, nitakutoa mimi mwenyewe kwa mchi." Akaiinua ndoo, akaenda.

Walter aliwarushia bonge la udongo wakati gari likigeuka. Liligonga mlango wa gari. Dereva alitukana kwa Kijaluo, akaongeza mwendo.

Walifika Kisian, njia ya kurudi Kisumu. Zadock alikuwa amepokewa, lakini si mahali popote. Fomu ilikuwa na kidole; yeye hakuwa na lango. Ijumaa asingetolewa kwa Dorca kurudishwa Nairobi. Vidonge vingekuja. Karatasi ilitaka Elsie amtembelee kila mwezi na kuandika kama mgonjwa ametulia.

Elsie alilifunga faili, akaliweka chini, miguuni. Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni.

"Mzee Zadock," alisema, "unataka nikurudishe kule kwenu?"

"Nirudishe," alisema Zadock. "Ila safari hii twende na jembe letu."