Kumteka Baba Mkwe

Nilikwenda kutazama tu, tena kwa mbali. Kwenye boma la zamani la Wajerumani, nje ya Mugumu, walikuwa wanaigiza vita vya enzi hizo, na baba mkwe wangu ndiye aliyekuwa kiongozi wa wapiganaji wa kijiji. Mke wangu alisema nisipoonekana nitazidi kuharibu. Mzee alikuwa hajanikubali. Mimi ni mtu wa Singida, nilifuata dhahabu Nyamongo nikamkuta binti yake huko, na kwa miaka mitatu aliitikia shikamoo yangu huku akitazama ng'ombe.

Basi askari mmoja wa Wajerumani hakutokea. Mwalimu wa historia, ambaye ndiye alikuwa ofisa wa Kijerumani na alijipaka unga usoni, akaona sare iliyobaki inanitosha. Kukataa sijui, ndilo tatizo langu maishani. Nikavalishwa kaptula ya kaki na kofia nyekundu, nikapewa bunduki ya mbao na kamba, nikaambiwa kazi yangu ni moja: filimbi ikilia, nimkamate kiongozi nimfunge mikono.

Filimbi ikalia. Wapiganaji wakafa vizuri, wengine wakichagua kivuli cha kufia. Akabaki mzee peke yake na ngao yake, ananisubiri. Mkwe hamgusi baba mkwe hata kumpangusa vumbi, sembuse kumfunga kamba mbele ya ukoo mzima. Niliogopa kweli, wala sikuwa naigiza. Nikaweka bunduki chini, nikainama.

"Shikamoo baba."

Mwalimu, unga umeshakuwa uji mashavuni, akaninong'oneza kwa hasira nimfunge haraka, historia inasema alifungwa. Mzee hakumjali. Aliichukua kamba mkononi mwangu akanifunga mimi, taratibu, kama anavyofunga ndama. Maiti wakafufuka kushangilia.

Akanitembeza uwanjani, mkono wake begani kwangu, akisimama mbele ya kila mzee mwenzake.

"Huyu ni wa kwetu," aliwaambia. "Ndiye amemuoa binti yangu."

Mwalimu alitufuata nyuma akiomba tuanze upya. Kamba ilinibana mpaka vidole vikafa ganzi. Mzee alipoliona hilo akaniuliza kama anifungue. Nilimwambia asubiri kidogo, kuna wazee upande wa pili bado hatujawafikia.