Jembe la Mama Nasimiyu

Nakumbuka siku moja kule Bokoli, mwanangu, nilivunja jembe la plau mbele ya mwenyewe, nikatamani ardhi inimeze.

Mwenyewe alikuwa Mama Nasimiyu, mjane wa Kiminini. Mvua ilishanyesha, majirani wanapanda mahindi, ng'ombe wake wamesimama tu kwa kukosa jembe. Mimi nilikuwa msichana pekee katika karakana ya Mzee Wekesa, na mdomo wangu ulikuwa mkubwa kuliko nyundo yangu. Nikajigamba kwamba nitamtengenezea jembe kwa springi ya lori, aondoke nalo siku hiyo hiyo. Mzee alipogeuka, nikatoa chuma motoni kikiwa chekundu, nikakitumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi. Si chelewa chelewa utakuta mwana si wako? Nikakigonga kidogo kukinyoosha, kikakatika vipande viwili. Mafundi wakacheka, ati nirudi kwa sufuria. Mama Nasimiyu hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Mzee aliokota kipande, akanionyesha palipokatika: chembe zinang'aa kama sukari.

"Umekistua," akasema. "Chuma chekundu kina chembe zinatafuta pa kukaa. Wewe ndiye unazipanga, kwa vile unakipoza."

Akanieleza kwamba maji baridi hukifanya kigumu kama glasi, na kikipoa polepole kwenye majivu kinakuwa laini, jiwe la kwanza linakipinda.

Kesho yake akaniachia kazi yote. Nikafua springi nyingine iwe jembe, nikaipasha kwa kiasi, nikaizamisha kwenye oili chafu ya injini, isiyokistua chuma kama maji, nikaisugua mpaka ikang'aa. Kisha nikairudishia joto kidogo ili isiwe ya kukatika, macho hayabanduki, mpaka ikageuka rangi ya nyasi kavu, halafu kahawia. Hapo nikaitoa.

Tulifunga jembe kule Kiminini. Likagonga jiwe, ng'ombe wakayumba, nami nikafumba macho. Nilipofumbua, jiwe ndilo lilikuwa limeng'oka! Mama Nasimiyu akapiga vigelegele mpaka majirani wakaacha kupanda. Na wale waliocheka? Leo wajukuu wao wananiletea plau kutoka Kitale, na mimi nawapokea vizuri tu.

Mwanangu, ukitoka kwenye moto wa maisha, hasira au msiba, usijitupe kwenye maji baridi, wala usilale majivuni. Poa kwa kiasi, kisha ukubali kurudishiwa joto kidogo na anayekupenda. Mungu akupangie chembe zako vizuri, na ukikutana na jiwe, ling'oke jiwe.