Maua Yasiyonusika ya Khuwair ya Kusini

Tulikuwa wanne ndani ya gari. Mimi, mdogo wangu wa tumbo moja, yule anayenifuata, wifi yake, yaani dada wa marehemu mumewe, na mjukuu wangu, binti wa mwanangu mkubwa, aliyekuwa akiendesha. Majina yao yote nnayo kichwani, na ya bibi zao pia, lakini sitoyaandika, maana wote wako hai na mmoja wao ana ulimi.

Safari yenyewe ilikuwa ya kumtoa mdogo wangu ndani. Eda yake ilishakwisha zamani, lakini kule kwake Al Amerat, pembeni mwa Maskati, alibaki vile vile: nguo za eda hakuzivua, udi hafukizi, mafuta mazuri hapaki, mlangoni hafiki. Nkaogopa. Mtu akishazoea kujifungia, kumtoa tena ni kazi. Na aliyekuwa akimkalia kichwani ni huyo wifi. Kila akitaka kunyanyua mguu humwambia, "Wifi, watu watasemaje? Udongo wa kaburi la kaka yangu haujakauka." Udongo wa Maskati huu! Kwa jua hili unakauka kabla wazikaji hawajafika nyumbani.

Basi mjukuu wangu akaja na habari. "Bibi, kuna mtaa Khuwair ya Kusini miti imechanua pinki tupu. Watu wanaiita micheri, kama ile ya Japani." Si micheri wala nini, ni miti ya mapambo tu, haizai kitu cha kutia mdomoni. Lakini mdogo wangu aliposikia maua alisema, "Haya, ntakwenda." Nkashukuru Mungu. Wifi akasema na yeye anakuja. Hakualikwa.

Tulifika baada ya alasiri. Kwa mbali, nisiseme uongo, pazuri. Miti imejipanga huku na huku ya njia, majani huyaoni, ni maua tu mpaka ncha za matawi. Sasa sogea karibu! Chini ya kila mti watu wametandika mikeka, wanakula. Mifupa ya kuku, vikombe vya karatasi vya karaki, ile chai ya maziwa, kokwa za tende, na pampasi ya mtoto imekunjwa ikaachwa pale pale, paka anaivuta. Maua yanawaangukia juu ya uchafu wao na wao wanajipiga picha. Bwana mmoja, mtu mzima na kanzu yake safi, anaupiga mti mateke ili maua yamwagike juu ya mkewe huku mtoto anashika simu.

"Wewe baba, mti umekukosea nini?" nkamwuliza kwa Kiarabu.

"Maua tu haya, mama. Yanaanguka yenyewe."

Yanaanguka yenyewe, na mguu wake juu. Astaghfirullah.

Nilipogeuka nkamwona mdogo wangu ameinama. Sisi tuliozaliwa Unguja tuna ugonjwa huo: tukiona ua, tunajua ni la kunusa na la kuvaa. Ua la kutazamwa tu hatukulelewa nalo. Akayaokota maua yaliyo mazima, akayakunja ndani ya kitambaa, akayatia kifuani, pale pale tulipokuwa tukibandika kikuba, kile kifungu cha asmini na rehani, tulipokuwa wanawari. Uso wake ulikuwa umefunguka. Sijauona hivyo tangu msiba.

Halafu ukakunjamana. Akakitoa kile kitambaa, akanusa, akanipa. "Dada, hebu."

Nkanusa. Choo! Choo kitupu, cha kukuchafua roho.

"Bibi, jamani, yameanguka kwenye maji ya kumwagilia," mjukuu wangu akasema. "Maji haya ni ya machooni, yanasafishwa. Kibao kile pale kinasema usinywe."

Yamesafishwa! Aliyeyasafisha ayanuse yeye.

Wifi akacheka. Akacheka mpaka akashika mti. "Umeona, wifi? Mungu amekuonyesha. Mjane na maua, wapi na wapi!"

Kicheko kile kilinitia kinyaa kuliko pampasi, kuliko mifupa, kuliko maji yale. Mdogo wangu aliosha kifua kwa chupa ya maji, akasugua mpaka ngozi ikawa nyekundu, akaingia garini. Harufu ikaingia pamoja nasi. Nkasema moyoni, basi, huyu harudi tena nje.

"Turudi nyumbani akaoge," wifi akasema.

"Twendeni Ruwi," mdogo wangu akasema.

"Ruwi kuna nini?"

"Kuna Wahindi wanauza asmini."

"Na asmini utamvalia nani wewe?"

"Ntavaa mwenyewe. Kaka yako alikuwa akiniletea kila Alkhamisi. Hukujua, kwa sababu hukuwa ukilala chumbani mwetu."

Mjukuu wangu akaongeza sauti ya redio. Wifi akageuka akatazama dirishani.

Ruwi ndiyo Ruwi. Muuza asmini ameweka ndoo yake karibu na mfereji wa maji machafu, mafuta ya sambusa yanamfukizia, vidole vyake sitaki kuvisema. Mimi nisingegusa. Mdogo wangu alinusa kwanza, safari hii, akanusa tena, akanunua uzi mrefu. Akarudi garini akajifunga kichwani mbele ya wifi yake, polepole, na ushungi akaushusha mabegani mpaka alipomaliza. Tangu siku hiyo anatoka. Juzi kaja kwangu peke yake kwa teksi.

Lakini mjukuu wangu anasema uzi ule hakujifunga mwenyewe. Anasema uzi ulikuwa ukimponyoka, na aliyemfungia ni wifi, kisha huyo wifi akalia. Mimi nilikuwa mbele, nkisikia kukohoa tu, nkadhani ni yale mafuta ya sambusa. Sitaki kuamini. Ila ikiwa ni kweli, nanyi jamaa mnaosoma mmesikia kwa wifi mwenyewe, basi nisahihisheni, niliandike upya lile nililosema mwanzo, la mwenye ulimi.